Saa Moja Angani

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nitauzungumzia umbali kama ninavyozungumzia fedha, kwa hesabu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 3,900, na ndege huchukua takriban saa tano na nusu. Kutoka Dar hadi Masasi, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 430, lakini kwa barabara zinafika karibu 600. Mpwa wako akiruka kwenda Dubai alfajiri, na wewe ukapanda basi la Masasi saa hiyo hiyo, atatua wewe hujafika Lindi. Hapo basi halijaharibika. Wazee watasema hiyo ni nafuu, maana kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulisubiri kivuko pale Ndundu, na masika safari ilikula siku kadhaa. Kweli.

Nayasema haya kwa sababu limeletwa pendekezo kwamba mfuko wetu ulipie tiketi za ndege za wagonjwa wanaopelekwa Muhimbili. Ni pendekezo la huruma, lakini tuhesabu. Mtwara hadi Dar angani ni kama saa moja tu. Kabla ya hapo mgonjwa atoke Masasi hadi Mtwara, kilomita 200 hivi, saa tatu au zaidi. Awahi uwanjani saa mbili kabla. Akitua Dar, foleni haimjui kuwa ni mgonjwa. Jumla ni saa saba au nane, na ndege ikishaondoka ni mpaka kesho. Basi ni kama saa kumi. Tunanunua saa mbili tatu kwa bei kubwa.

Sasa niwaulize: mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane pale Lisekese, na mtoto hatoki, saa zake zinapotelea wapi? Kwenye kutafuta gari la kukodi. Mwenye gari anataka fedha mkononi, mume anakimbilia kwa mtu wa kangomba, anauza korosho zikiwa bado ua mtini. Msimu ukifika, mavuno si yake tena. Hasara hiyo haina risiti, lakini kwangu mimi ndiyo nauli ghali kuliko zote.

Masasi mjini hadi Hospitali ya Ndanda ni kama kilomita 40. Kwenda na kurudi ni 80. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 8 litamaliza lita 10. Naomba mfuko ulipie kwanza mafuta na dereva wa zamu, usiku na mchana. Tukiwa watu 200, kila mmoja akatoa Sh 5,000 kwa mwezi, ni Sh milioni 12 kwa mwaka. Ndege tumwachie yule ambaye daktari ameandika kwamba hawezi kuhimili barabara.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Anayetegemea korosho aandike kwamba atalipa baada ya mnada, hilo linakubalika.