Fungu la Maafa na Daftari la Wanyonge

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa halmashauri na wanachama wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makatibu wa vyama huusikia msemo huu kila mwaka wakati wa ukaguzi, na wengi hudhani kwamba unahusu fedha, mizani na ghala peke yake. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba unahusu pia huruma. Msaada unaotolewa bila daftari nao hupotea bila habari. Na kinachopotea si unga na shilingi tu, bali pia heshima ya mpokeaji na imani ya mtoaji.

Mfano ulio karibu ni wa ugonjwa wa Korona. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 Machi Tanzania ikafuata. Katika nchi nyingi shughuli zilisimama, hoteli zikafungwa, usafiri ukapunguzwa, na kibarua aliyezoea kula leo alichokipata leo akabaki mikono mitupu. Serikali, makanisa, misikiti, makampuni na watu binafsi walitoa. Kwa hiyo yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba upungufu ulioonekana baadaye haukuwa upungufu wa moyo wa kutoa peke yake.

Tarehe 10 Aprili 2020, siku ya Ijumaa Kuu, umati mkubwa ulikusanyika Kibera, mjini Nairobi, kwenye ofisi ya serikali ambako chakula kilikuwa kikigawiwa. Watu wakasukumana langoni, wengine wakaanguka na kukanyagwa, polisi wakafyatua mabomu ya kutoa machozi, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Chakula kilichokusudiwa kuokoa maisha kikawa sababu ya majeraha, tena katika siku ambazo watu walikuwa wakihimizwa wasikaribiane. Ni rahisi kuwalaumu waliosukumana. Lakini mwenye njaa ambaye hajui kama jina lake limo ndani ya lango au halimo, hana njia nyingine ya kujua ila kulisukuma lango.

Hata pale ambapo hapakuwa na lango, orodha ilileta taabu. Serikali ya Kenya ilitenga shilingi bilioni 10 kwa ajili ya kuwasaidia wazee, yatima na watu wengine wenye dhiki. Baadaye ulianzishwa mpango wa kuzipelekea kaya maskini shilingi 1,000 kila juma kwa njia ya simu. Njia hiyo ilikuwa nzuri: haina foleni, haina kusukumana, na kila malipo huacha alama. Lakini mwezi wa Julai 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyoeleza kwamba katika mitaa ya wanyonge ya Nairobi, yenye kaya zaidi ya 600,000, ni kaya zipatazo 29,000 tu zilizofikiwa, yaani asilimia 4.8. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba baadhi ya waliokabidhiwa kazi ya kuandikisha waliwaingiza jamaa na rafiki zao. Fedha ilikuwa haba, hilo ni kweli. Lakini fedha inapokuwa haba ndipo orodha inapotakiwa kuwa ya haki zaidi, maana kila jina lisilostahili huwa limemwondoa mwingine anayestahili.

Sasa na tuvuke bahari hadi Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India, katika pwani ya Malabari ambayo mabaharia wa Afrika Mashariki waliifahamu tangu zama za majahazi. Huko ndiko mgonjwa wa kwanza wa Korona katika India nzima alikothibitishwa, tarehe 30 Januari 2020. Tarehe 24 Machi serikali kuu ya India ilitangaza kwamba nchi yote itafungwa kwa siku 21 kuanzia usiku ule ule. Katika siku chache tu, Kerala ilikuwa na majiko ya jamii zaidi ya 1,000 yaliyopika chakula katika vijiji na miji. Asiye na uwezo alipewa bure. Mwenye uwezo alilipa rupia 20, au rupia 25 akipelekewa nyumbani. Watu wa kujitolea walibeba vifurushi mlango kwa mlango, na wagonjwa na wazee hawakuhitaji kupanga foleni.

Msikilizaji atauliza: jambo hili liliwezekanaje kwa muda mfupi namna hiyo? Kerala haikuwa na muujiza. Ilikuwa na daftari.

Tangu mwaka 1998 jimbo hilo lina mpango uitwao Kudumbashree. Msingi wake ni kikundi cha jirani cha wanawake kati ya 10 na 20, kila kaya ikitoa mwanamke mmoja. Hukutana kila juma, huweka akiba ndogo ndogo, hukopeshana na kuandika. Vikundi vya mtaa huungana katika ngazi ya kata, na vya kata huungana katika ngazi ya halmashauri ya kijiji au mji. Wanawake wanaokutana kila juma kwa miaka mingi hawahitaji kutumiwa mchunguzi awaambie ni nani aliyepooza, ni nani ambaye mwanawe wa Ghuba ameacha kutuma fedha, na ni nani anayeona haya kuomba. Serikali za mitaa zilipofungua majiko, wanawake hao ndio waliokamata miiko katika mengi ya majiko hayo.

Jambo la pili linawahusu makatibu moja kwa moja. Tangu mwaka 2016 serikali ya Kerala ilianza kuvitumia vyama vya ushirika kupeleka pensheni za wazee, wajane na walemavu nyumbani kwao. Mfanyakazi wa chama huenda na fedha na orodha, hulipa, na malipo huthibitishwa. Mwaka 2020 ulipowadia na wazee wakatakiwa wasitoke nje, njia ilikuwa imekwisha kulimwa. Chama hakikuanza kutafuta nyumba ya bibi kizee siku ya mvua. Kilikuwa kikiifahamu tangu kiangazi.

Hata hivyo haitakuwa haki kuisifu Kerala kana kwamba haikukosea. Jimbo hilo lina vibarua wengi waliotoka majimbo ya mbali ya kaskazini na mashariki ya India, ambao huko huitwa wafanyakazi wageni. Hao hawakuwa wenyeji wa mtaa wowote, wala wake zao hawakuwa katika vikundi vya akiba. Tarehe 29 Machi 2020 umati wao ulitoka barabarani huko Payippad, katika wilaya ya Kottayam, wakidai kurudishwa makwao. Serikali iliwafungulia kambi na kuwalisha, na bado wengi walitamani nyumbani. Somo lake ni zito: daftari zuri kuliko yote humwonyesha yule tu aliyeandikwa humo.

Somo hilo ndilo linalopaswa kurudishwa katika vyama vyetu vya msingi. Daftari la wanachama si daftari la wanyonge. Daftari la chama cha kahawa humtaja mwenye shamba. Halimtaji kibarua anayechuma kahawa ile. Humtaja marehemu ambaye jina lake bado halijafutwa. Halimtaji mjane wake ambaye urithi haujaamuliwa. Humtaja mwenye hisa. Halimtaji mzee aliyekwisha gawa mashamba yote kwa wanawe na sasa hana hata mche mmoja. Siku ya maafa, hao wasioandikwa ndio wa kwanza kulala njaa.

Hapo ndipo linapotokea swali ambalo wanachama wengi huliuliza, tena kwa haki: fedha ya chama ni jasho la wanachama, je, ni halali kumpa asiye mwanachama? Jibu lipo katika misingi ya ushirika yenyewe. Mwaka 1995, mjini Manchester, Muungano wa Ushirika wa Kimataifa ulipitisha misingi saba, na wa saba ni kuijali jamii. Lakini msingi huo una sharti ndani yake: chama kitaijali jamii kwa kufuata taratibu zilizokubaliwa na wanachama wenyewe. Kwa hiyo huruma ya katibu si idhini. Huruma ya mwenyekiti si idhini. Idhini hutoka katika mkutano mkuu, kwa kufuata sheria na masharti ya chama.

Na maafa hayangoji mkutano mkuu. Hili nalo limekwisha kupatiwa dawa. Mwaka 2020 shirika la Fairtrade, ambalo wakulima wengi wa kahawa na chai wa Afrika Mashariki wanalifahamu, lililegeza kanuni zake. Fedha ya nyongeza ambayo kwa kawaida haitumiki mpaka mkutano mkuu ukubali, iliruhusiwa kutumiwa upesi kwa chakula, barakoa na msaada mwingine, kwa sharti kwamba wanachama wapewe taarifa baadaye. Mlango ulifunguliwa, lakini hesabu haikusamehewa.

Chama cha msingi kinaweza kufanya vivyo hivyo, na kwa utaratibu usio mgumu.

Kwanza, mkutano mkuu uamue sasa, wakati wa utulivu, kwamba patakuwa na fungu la maafa, na useme fedha yake itatoka wapi. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 300 ambao kwa wastani huleta kilo 200 kila mmoja kwa msimu. Hizo ni kilo 60,000. Wakikubali makato ya shilingi 20 kwa kilo, kila mmoja atakuwa ametoa shilingi 4,000, na fungu litakuwa na shilingi 1,200,000. Kiasi hicho hakilishi kijiji. Lakini kaya 20 zenye dhiki kubwa kuliko zote zitapata shilingi 60,000 kila moja, na kwa kaya isiyo na kitu huo ni muda wa kuvuta pumzi.

Pili, fungu hilo liwe na hesabu yake peke yake, wala lisichanganywe na fedha ya kununulia mazao. Fungu lililokopeshwa kwa ajili ya dizeli ya lori halitakuwapo siku ya njaa.

Tatu, mkutano mkuu utaje mapema kiasi ambacho halmashauri inaweza kutoa bila kungoja, na siku ambazo ndani yake itapaswa kutoa taarifa.

Nne, daftari la wanyonge liandikwe mtaa kwa mtaa mara moja kila mwaka, na waandikaji wasiwe katibu na mwenyekiti peke yao. Watafutwe wanawake wawili au watatu wa kila mtaa, maana wao hujua ni jiko gani halifuki moshi. Vibarua na wageni waandikwe pia. Msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, una upande wa pili: aliyekwisha pewa jembe si mgeni tena.

Tano, vipimo vya kustahili visomwe hadharani na kila mtu apewe nafasi ya kupinga. Lakini majina ya wapokeaji yasipigiwe ngoma. Orodha ikaguliwe na kamati ya usimamizi, na kila malipo yawe na stakabadhi yenye sahihi au dole gumba. Mjumbe ambaye jamaa yake anajadiliwa atoke nje mpaka uamuzi ufikiwe. Picha ya mjane akipokea debe la unga mbele ya viongozi wanaotabasamu si stakabadhi, wala haimpunguzii mjane aibu yake.

Ndugu Makatibu, kazi ya kuandika daftari haina sifa. Atoaye gunia hushangiliwa. Aandikaye jina la atakayelipokea hakumbukwi. Siku ya maafa katibu atafuatwa na shangazi yake, na mwenye duka anayemdai, na rafiki wa tangu shuleni, na kila mmoja atakuwa na maneno ya kweli. Asiye na daftari atashindwa siku hiyo, hata akiwa mtu mwema. Mwenye daftari lililoandikwa na watu wa mtaa na kupitishwa na mkutano atakuwa na mahali pa kuegemea. Ataweza kumwambia shangazi yake kwa upole kwamba jina lake ni la thelathini na moja na fungu limeishia kwa la ishirini, naye shangazi ataweza kwenda kulihesabu mwenyewe.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Maradhi mengine yatakuja, na ukame, na mafuriko. Siku yake haijulikani. Msimu ukiisha na malipo ya mazao yakikamilika, mikutano mikuu itaitwa. Katika ajenda ya mkutano ujao, baada ya mizania na kabla ya mengineyo, pana nafasi ya kutosha kuandika maneno matatu: fungu la maafa.