RANGI YA CHUMA CHENYE MOTO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Tumeombwa kusema machache juu ya jambo ambalo sisi wahunzi wa reli hulitazama kila siku, nalo ni rangi ya moto. Wengi hudhani wekundu ndio ukali wenyewe. Sivyo. Wekundu ni mwanzo tu.

Chuma kikifika kama digrii 500 za sentigredi, gizani utaona wekundu hafifu sana. Kwenye 700 hivi ni chekundu kama pilipili mbivu, 900 mpaka 1,000 chaelekea rangi ya chungwa, 1,100 manjano, 1,300 karibu cheupe, na hapo mhunzi mzembe hukiunguza kikarusha cheche, kikawa hakifai tena. Joto likizidi, mwanga huongezewa rangi zilizo mbali na wekundu, na zote zikichanganyika jicho huona weupe. Wala si chuma peke yake. Mwaka 1792 Mwingereza Thomas Wedgwood aliona kwamba vitu mbalimbali huanza kuwa vyekundu kwa joto lile lile. Hesabu yake ilipatikana mwaka 1900 kwa Mjerumani Max Planck. Mzee aliyetufundisha kazi hakuwasoma hao wawili, lakini alifunga dirisha kabla ya kutoa springi motoni, maana penye jua kali rangi hufifia, na mtu huongeza moto bure.

Ndimi za moto zina mambo yake. Umanjano wa koroboi ni chembe za masizi zinazong'aa kwa joto kama chuma chetu. Lakini ubuluu wa jiko la gesi ni mwanga wa gesi yenyewe inapoungua, basi usiupime kwa kipimo cha chuma. Na ule ubuluu utokao juu ya tindo tunapolipasha ili lisivunjike ni jambo jingine kabisa: ni utando mwembamba juu ya chuma, kwenye digrii 300 tu. Haung'ai hata kidogo.

Hapo ndipo tulipotaka kufika, ndugu, kwenye chuma cheusi. Chuma cha digrii 400 hakitoi mwanga wa kuonekana. Hufanana na kile kilicholala sakafuni tangu jana. Kijana mmoja, kibarua wa miezi mitatu, aliinama kuokota pini iliyoanguka karibu na fuawe, na ngozi ya kiganja ikabaki juu ya pini. Mkubwa wa kazi akauliza mbona hakutazama. Alitazama! Hakukuwa na la kuona.

Tangu siku ile twaandika MOTO kwa chaki mahali tunapoweka vyuma vipoe, na kila mtu hupitisha mgongo wa mkono karibu na chuma, bila kugusa, kabla ya kukishika. Lakini chaki si glovu. Glovu za ngozi hupewa mhunzi. Kibarua anayefagia na kubeba hapewi, na ndiye anayeokota. Tena twataka miwani ya moto kwa wote wanaosimama mbele ya tanuru, kwani joto lisiloonekana, likipiga macho miaka mingi, huleta mtoto wa jicho.

Karatasi ya madai hayo mawili iko kwa Katibu. Wenzetu wa zamu ya usiku wamekwisha tia sahihi.