Mi Isiyomo Kwenye Kinanda

Wanangu mnaohitimu leo ualimu wa muziki,

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akanambia: "Wewe simama na wenzako, fumbua mdomo, lakini sauti usitoe." Siku ya mashindano nikafumbua mdomo. Tulishinda. Nilirudi nyumbani na peremende yangu, na sikuimba tena mbele ya mtu mpaka nilipotimiza miaka 30. Simlaumu sana. Alikuwa na watoto wengi na kikombe kimoja cha kugombania, na kesho nanyi mtakuwa na darasa kama lile.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja mpiga ganuni. Chombo kile kina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na akimaliza kuzikaza chai imeshapoa. Alinipigia ngazi ya sauti iitwayo rasti, akaniuliza kama naisikia noti yake ya mi. Nikakimbilia kinanda kuitafuta. Haimo. Si kwenye vibao vyeupe, si vyeusi. Imekaa katikati yao, na ndiyo utamu wa taarab yetu. Mwalimu wangu wa kwaya alikuwa na kinanda tu. Huenda sauti yangu ilikuwa imekaa pale pale katikati. (Au huenda nilikuwa sijui kuimba kweli, marehemu mama alikuwa na maoni yake.)

Mtoto wa miaka 6 mtakayemfundisha hachagui anachokisikia. Uzi wako ukishuka nawe umechoka kuukaza, ataondoka na uzi ulioshuka, na ataupenda. Mkimlea kwa kinanda cha umeme peke yake, siku moja atamcheka babu yake mpiga udi kwamba anakosea.

Malipo? Mshahara mnaujua, sitaki kuwaharibia biriani. Mwaka jana nilikuwa nafundisha ngazi ya bayati kwa udi baada ya alasiri. Nyuma kabisa ukanyanyuka mkono wa mtoto wa miaka 8, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa hajatamka neno darasani.

"Mwalimu, uzi wako wa pili umeshuka."

Nikaujaribu. Kweli, umeshuka. Nikampa udi aukaze mwenyewe. Akazungusha kigingi kidogo, akasikiliza, akakirudisha nusu, akasikiliza tena. Wenzake wote kimya, na mimi pamoja nao.