Aliyekataa Riba Asome kwa Nini?



Ndugu zangu vijana na wazazi wetu, nitasema kwa ufupi. Magharibi yakaribia, na najua macho yenu yako kwenye tende.

Nyote mwakijua Chuo Kikuu cha Ufundi pale Tudor, Mombasa. Lakini mwajua kilianza vipi? Kilianza kwa jina la MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Waislamu walikuwa wamebaki nyuma katika ufundi, basi wenye mali wakatoa: Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora. Serikali ya mkoloni nayo ikatia chake. Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili.

Sasa njooni kwetu sisi. Kijana apata C+ yake, barua ya chuo yaja, nyumba nzima yapiga vigelegele. Kisha yaja hesabu: karo, chumba, chakula, nauli ya kwenda Eldoret. Mkopo wa HELB uko tangu 1995, lakini hulipwa na nyongeza, na wengi wetu twamwambia kijana, "Hiyo ni riba, wacha." Haya, ameacha. Sisi tumempa nini badala yake? Twamwona barazani mwaka wa pili sasa, twamwitikia salamu, twapita.

Basari si mkopo, haina riba. Chukueni fomu mapema, na karatasi ziwe tayari: kitambulisho cha mzazi, na kwa yatima cheti cha kifo. Wangapi wamekosa kwa karatasi moja tu!

Na zaka je? Kumi la mwisho twagawa mia mia mlangoni. Sisemi bi kizee anyimwe, hasha. Lakini mwanafunzi asiye na kitu naye ni fukara, na mafukara ndio wa kwanza kutajwa katika Surat Tawba, aya ya 60. Waulizeni masheikh wenu. Wenye maduka kumi wakichanganya zaka zao wamshike mmoja, wa kiume au wa kike, wamshike mpaka amalize. Muhula mmoja kisha kumwachilia ni kumwongezea deni.

Baada ya tarawehe leo, mwenye barua ya chuo na hana karo abaki nyuma. Na mwenye duka pia abaki.

Wabillahi tawfiq.