DOHANI: MAWE YA JUU YABEBWA NA NINI?



Mimi ni mwashi wa reli, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Sikuja kuwafundisha uinjinia. Nataka kusema juu ya dohani, yaani lile bomba la moshi la mawe lipandalo kutoka meko ya chumbani hadi juu ya paa. Nyumba za zamani za Nairobi, Limuru na Nakuru zinazo, kwa kuwa Waingereza walijenga kama kwao. Siku hizi wenye nyumba wataka chumba kipana, nasi twaitwa kubomoa.

Nilipokuwa kijana tulitumwa kazi hiyo. Nyapara akasema, "Toeni ya chini tu, paa lisiguswe." Tukatoa. Saa nane mchana vumbi likaanza kushuka bila mtu kugonga. Mawe yakafuata. Mwenzetu alivunjika mguu, na kazi ya uashi hakuirudia tena.

Kosa lilikuwa nini? Mawe ya juu hukalia mawe ya chini. Hata ukuta wa matofali ya kuchoma, mita moja ya ujazo ni karibu kilo 1,900. Basi ama tuanze juu ya paa tukishuka, ama injinia apige hesabu na mhimili wa chuma uwekwe kabla jiwe moja halijatoka. Tena tutazame kama miti ya sakafu ya ghorofa imeegemea pale, na kama jirani bado anatumia bomba hilo.

Huko Uingereza, ambako nyumba nyingi zimeshikana, sheria ya mwaka 1996 yamtaka mwenye nyumba ampe jirani taarifa miezi miwili kabla ya kugusa ukuta wao wa pamoja. Kwetu Kenya, kubadili jengo kwahitaji ruhusa ya kaunti. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mfanya kazi aeleze hatari kubwa aionayo, wala asirudishwe pale mpaka iondolewe.

Kwa hiyo, kabla ya kushika nyundo ulizeni: Ruhusa iko wapi? Injinia amesemaje? Mawe ya juu yabebwa na nini? Asiyeweza kujibu asitutume. Na mmoja wetu akikataa, tusimwache akatae peke yake.