KIFAA CHA HOSPITALI KIKIKUDHURU, UFANYE NINI?

Hotuba kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Malindi, Unguja



Leo sizungumzii dawa. Nazungumzia vifaa: sindano, mpira wa mkojo, kipimo cha sukari, mashine ya presha, chuma anachotiwa mtu aliyevunjika mfupa. Hivi huitwa vifaa tiba. Vinatusaidia sana. Lakini vimetengenezwa na binaadamu, na pengine hutoka kiwandani vikiwa vibovu.

Tuseme mzee mmoja ana kisukari. Kanunua kipimo. Kila asubuhi kipimo kinamwambia sukari yake iko sawa, kumbe imepanda. Siku moja akaanguka. Majirani watasema, "Ni kadari." Kadari ni ya Mungu, hatubishani. Lakini mwenye kiwanda naye ana wajibu wake, na sheria inamuuliza.

Wajibu huo umetoka wapi? Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Alidai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza, na kwamba aliugua. Soda hakuinunua yeye. Je, angeweza kumdai mtengenezaji? Mwaka 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kuwa mtengenezaji lazima awe mwangalifu kwa yule atakayekitumia kitu chake, hata kama hakukinunua mwenyewe. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Kiingereza, na Zanzibar imo. Basi hata kifaa ulichopewa bure, mlango wa kudai haukufungwa.

Sasa sikilizeni mkasa wa pili. Kuanzia mwaka 1971 kampuni ya A. H. Robins ya Marekani iliuza kitanzi cha uzazi wa mpango kilichoitwa Dalkon Shield. Uzi wake ulipitisha vijidudu mpaka ndani ya kizazi. Wanawake wengi waliugua, wengine wakawa tasa, wengine wakafa. Mwaka 1974 kiliacha kuuzwa Marekani, lakini kilikuwa kimekwisha pelekwa nchi nyingi. Kesi zilipozidi, mwaka 1985 kampuni ilikwenda mahakamani kujitangaza imefilisika. Ukawekwa mfuko wa fidia wa zaidi ya dola bilioni 2, na watu zaidi ya 300,000 walipeleka madai. Lakini mahakama iliweka siku ya mwisho: tarehe 30 Aprili 1986. Na kila mdai alitakiwa aoneshe kuwa alitiwa kitanzi hicho hasa, si chengine.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, madai yana muda wake, na muda ukipita haki hulala. La pili, asiye na karatasi hupata taabu ya kuaminiwa.

Kwa hivyo, likikufika jambo, fuata njia hii:

1. Nenda hospitali kwanza. Uhai kabla ya kesi. Mwombe daktari aandike alichokiona.

2. Usikitupe kifaa. Usikirudishe dukani peke yake bila ya kuandikiwa. Kiweke pamoja na boksi na risiti. Soma namba ya fungu iliyopigwa chapa. Mwaka 2019 nchini Uganda kondomu za Life Guard zilirejeshwa baada ya kupimwa na kuonekana mbovu. Waliotambua zao ni waliosoma namba.

3. Andika tarehe, pahala, jina la kifaa na ulichokiona mwilini.

4. Toa taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kwa ndugu zetu wa Bara, ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa yako haikuletei fidia yenyewe, lakini inaweza kuwaokoa wengine. Kwa bidhaa ya dukani, ipo pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

5. Tafuta mwanasheria mapema. Huna fedha? Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018. Kipo pia Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, tangu 1992. Muulize sheha wako alipo msaidizi wa sheria wa karibu.

Wa kudaiwa anaweza kuwa mtengenezaji, aliyeingiza nchini, muuzaji, au hospitali iliyokitumia vibaya. Mahakamani utatakiwa uthibitishe mambo matatu: kifaa kilikuwa kibovu, wewe umedhurika, na ubovu ule ndio uliokudhuru. La tatu ndilo gumu. Si kila maumivu ni kosa la kifaa. Pengine ni maradhi yenyewe, pengine tulikitumia kinyume na maelezo. Ukishinda, unaweza kulipwa gharama za matibabu, kipato ulichopoteza na maumivu uliyoyapata.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Pengine atakuja mtu na bahasha na karatasi. Atasema, "Chukua hizi za kujitibu, tia saini hapa." Pengine karatasi ile inasema hutadai tena maisha yako yote! Zamani tulitia dole gumba tukaondoka. Leo tunasoma. Soma mstari kwa mstari. Neno usilolifahamu, uliza. Akikuharakisha, mwambie arudi kesho, nawe upeleke karatasi kwa mwanasheria.

Kazi ya nyumbani: fungua ukurasa mpya wa daftari, uorodheshe kila kifaa tiba kilichomo nyumbani mwako, na namba yake. Wiki ijayo tutasomeana.