Maneno ya Mwenyekiti juu ya Pilipili Zetu



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Mahesabu mhazini ameshayasoma, siyarudii. Mimi nimeombwa niseme juu ya pilipili, maana hapa Tabora wengi wanatujua kwa pilipili kuliko kwa sanduku letu la hisa. Mwenzenu niliishia darasa la saba, basi mtanivumilia.

Pilipili tumeizoea mpaka tunadhani ni ya kwetu tangu mwanzo. Kumbe asili yake ni Amerika, ikavuka bahari na mabaharia wa Kireno. Na sisi tuko kwenye njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa mpaka Ujiji. Ukienda Kwihara utaliona tembe la makumbusho, pale alipokaa Livingstone mwaka 1872. Safari kutoka pwani ilikuwa ya miezi, kwa miguu, mzigo begani. Hakuna aliyebeba mche ukafika mzima. Kilichofika ni mbegu. Lakini mbegu nayo ina mambo yake, na hapo ndipo lilipo neno langu la leo.

Mwaka 2018 tulikubaliana tutoe fedha kwenye mfuko, tununue samadi, tukodi bustani kule Isevya. Mbegu nikasema nitaleta mimi. Nilikuwa na haraka. Nilichuma pilipili mbivu, nikazipasua, mbegu nikazianika juu ya bati saa sita mchana. Jioni nikazimalizia kwenye sinia kando ya jiko la mkaa. Kwa macho zilikuwa nzuri mno, kavu. Dada yetu mmoja akapewa kushika kitalu. Alimwagilia asubuhi na jioni. Wiki tatu zikapita, kitalu kizima kikatoa miche ya kuhesabu kwa vidole.

Kikao kiliwaka moto, mnakumbuka. Ikasemwa eti hakumwagilia, eti alimwachia mtoto kazi. Mimi nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, nikanyamaza. Tukamtoza faini. Akalipa, akachukua hisa zake, akaondoka.

Mwaka uliofuata nikajaribu kwangu peke yangu. Mbegu za mti mmoja, nusu nikaanika kivulini, nusu juu ya bati. Nikaatika makopo mawili. La kivulini likaota likajaa. La bati likaota miche mitatu. Nikajua mbegu zile nilizipika mwenyewe. Na bado nikanyamaza, jamani, miaka yote hiyo. Juzi nilimfuata nyumbani kwake. Faini yake nimemrudishia kwa fedha yangu, si ya sanduku, mhazini ni shahidi. Leo yuko hapa, amekaa pale nyuma. Nasema mbele yenu wote: kosa lilikuwa langu.

Sasa mnaotaka kuotesha nyumbani, sikilizeni. Chagua mti wenye afya, uliozaa vizuri. Acha tunda liive jekundu lote, usichume la kijani. Toa mbegu, tandaza kwenye karatasi kivulini penye upepo, wiki moja hivi, ukigeuzageuza. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Udongo wa kopo changanya na samadi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo. Toboa matundu chini. Mbegu isizame, nusu sentimita inatosha. Funika kwa nyasi, mwagilia taratibu. Pilipili mbuzi huchungulia wiki ya pili. Pilipili kichaa ni mkaidi, anaweza kukaa wiki tatu na zaidi, hasa ukiatika Juni au Julai usiku ukiwa wa baridi, kwa hiyo usifukue kutazama! Ikishaota ondoa nyasi, punguza maji. Maji mengi ndiyo yanayoleta kinyaushi, mche unalala chini kama umekatwa na wembe. Baada ya wiki sita hivi hamisha, jioni, mche na mche nusu mita.

Sisi wa Tabora tuna neno letu zaidi. Tumbaku ni ndugu wa pilipili, na nyanya na bilinganya pia ni ukoo huo huo. Magonjwa wanaambukizana. Usipande pilipili pale ilipotoka tumbaku, na ukitoka kufunga tumbaku nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Mwenye kuvuta naye anawe.

Halafu nyuki. Asali yetu inasifiwa, lakini nyuki haulizi hili ua la nani. Ukipanda hoho karibu na kichaa, hoho la mwaka huu litakuwa salama, ila mbegu zake mwakani zinaweza kukupa hoho la kuwasha. Mwanachama mmoja alipikia wakwe hoho hizo. Simtaji, anacheka mwenyewe pale.

Kuku wachungeni. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi, ndiyo maana kichaa huota hata chini ya mti ambako hakuna aliyepanda. Na mkimaliza kupasua, jisugueni mafuta ya kula kwanza ndipo sabuni, maji peke yake hayaondoi ukali. Mwenye mtoto wa kunyonya ananielewa.

Mbegu ziko kwa mhazini, zimefungwa kwenye karatasi. Andikisha jina, chukua. Ukiatika mwisho wa Septemba, miche itakuwa tayari mvua za Novemba zikianza. Kitalu cha kikundi dada yetu amekubali kukishika tena. Ametoa sharti moja tu, kwamba mbegu ataanika yeye. Nimekubali.